VICTOR HASSELBLAD, MTU WA NDEGE NA KIOO



Siku ile ya foto ya shule, wengi tulicheka wakati kamera nzee ya fundi ilipolia kwaa! kama mlango uliosukumwa na upepo. Mdogo mmoja wa darasa la kwanza akafunga macho, ikabidi kurudilia. Nikamwuliza fundi ile kelele inatoka wapi. Akaifungua, nikaona kioo. Njo sababu leo ninawapa maisha ya mtu ambaye kamera yake ya kioo ilijulikana dunia nzima.

Victor Hasselblad alizaliwa tarehe 8 Machi 1906 katika mji wa Göteborg, inchi ya Uswidi. Jamaa yake walikuwa wafanya biashara tangu 1841, na waliuza vitu vya kupiga foto. Alipofikia miaka 18, umri wangu mimi leo, walimtuma Dresden, Ujerumani, akajifunze kazi ya kamera. Akapita tena Ufaransa na Marekani. Lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege wa porini. Aliwafuata na kuwapiga foto, na 1935 akatoa kitabu juu ya ndege wenye kuhama.

Mwaka 1940, wakati wa vita, wakubwa wa jeshi la anga la Uswidi walimwonyesha kamera iliyotoka katika avio ya Wajerumani iliyoanguka. Walitaka afanye mfano wake. Yeye akajibu kwamba mfano hapana, lakini ataweza kutengeneza iliyo bora. Akaanza na watu wachache tu, karibu na garaji ya motokari.

Kisha vita, tarehe 6 Oktoba 1948, kule New York, akaonyesha kamera ya raia, jina lake 1600F. Foto zake zilikuwa za sentimita 6 kwa 6. Ndani yake mna kioo kilichoinama. Mwangaza unaingia kwa lensi, unapiga kioo, unapanda juu, na mpiga foto anaona kile lensi inachokiona. Akibonyeza, kioo kinaruka juu ili mwangaza ufikie filimu. Kumbe kelele ni hiyo! Na kwa kuwa filimu ni pana, kioo nacho ni kikubwa.

Lakini ile 1600F ilikuwa dhaifu. Pazia lake la chuma, lenye kukimbia hata sehemu moja ya 1600 ya sekunde, liliharibika mara kwa mara. Hasselblad angeweza kusema wateja hawajui kuitumia. Hakufanya hivyo. Mwaka 1952 akashuka hadi 1000, na 1957 akatoa 500C, yenye kufika 500 tu, pazia likiwa ndani ya lensi. Hesabu ilishuka, nguvu ikapanda. Tena 500C iko na kidude cha kuinua kioo mbele: kelele na mtikiso vinapita kwanza, kisha unapiga.

Mwaka 1962 Walter Schirra alipanda na 500C angani, na 1969 kamera za Hasselblad zilifika mwezini. Mwaka 1968, ile ya Apollo 8 ilikuwa imekwisha kutolewa kioo, ili kazi iwe nyepesi.

Hasselblad alifariki tarehe 5 Agosti 1978. Hakuacha mtoto. Mali yake ilianzisha mfuko wenye kutoa zawadi kwa wapiga foto, na 2003 aliipata Mwafrika mwenzetu, Malick Sidibé wa Mali.

Kamera zake za zamani zingali zinalia. Fundi anasema sponji inayobeba kioo huoza, springi hulegea, mafuta hukauka. Kioo kikikosa kukaa mahali pake, unaona sawa lakini foto inatoka na ukungu. Kwa hiyo yeye husikiliza kwanza: kelele ikibadilika, anafungua mbele haijavunjika.

Wenzangu wafinalisti, mtihani wa serikali unakaribia. Wengi wetu tunapenda kuitwa 1600, na tunaona haya kushuka. Anayekosa hesabu za darasa la tatu, arudie za darasa la tatu. Mimi mwenyewe nimeanza juma hili.