Binti wa Dobi
Wanachama wenzangu, mnamjua Anna May Wong? Alizaliwa Los Angeles, Marekani, mwaka wa 1905, katika jamii ya Wachina. Baba yake alikuwa dobi. Anna alizoea kutoroka shule kwenda sinema (hapo msimwige!). Baba hakupenda, lakini wapi! Mwaka wa 1922, akiwa na miaka 17 tu, akawa mhusika mkuu katika The Toll of the Sea, filamu isiyo na sauti. Jina likavuma. Hata hivyo, ubaguzi ulimwandama. Katika The Good Earth (1937), hadithi ya wakulima wa China, mke wa mkulima aliigizwa na mzungu! Anna alifariki mwaka wa 1961. Mwaka wa 2022 sura yake ikatiwa kwenye sarafu ya Marekani. Mvumilivu hula mbivu, ila zake zilichelewa mno.