Robert Koch na Vyombo vya Kupasulia

Likizo iliyopita nilikaa kwa shangazi yangu, ambaye kazi yake ni kuosha vyombo vya kupasulia na kuvitia katika mvuke, katika hospitali moja hapa Tanga. Siku moja nilimwona ameshika koleo dogo. Alilifungua likawa vipande viwili, akasugua maungio kwa brashi, akalitazama penye mwanga, kisha akaanza tena. Nilimwuliza kwa nini ajisumbue hivyo, na hali mvuke utaua kila kitu. Alinieleza kwamba damu iliyoganda humkinga kijidudu, na mvuke usipomgusa haumwui. Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu ni nani aliyeanza kuyapima mambo haya. Akanitajia Robert Koch, nami nikastaajabu kusikia kwamba bwana huyo alipata kuishi jirani yetu, kule Amani.

Alizaliwa Clausthal, Ujerumani, tarehe 11 Desemba 1843. Baba yake alikuwa mtumishi wa migodi. Alijifunza uganga katika chuo cha Göttingen, akawa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wöllstein, ambao sasa umo nchini Poland. Hakuwa na maabara. Alifanya uchunguzi wake nyumbani, kwa darubini aliyopewa na mkewe, Emmy. Mwaka 1876 alidhihirisha kijidudu kinacholeta kimeta, akaonyesha kuwa kijidudu hicho hujigeuza mbegu ngumu sana, zinazoweza kudumu udongoni miaka mingi.

Mbegu hizo zilileta mashaka makubwa. Tangu 1867 wapasuaji wengi walimfuata Lister wa Uingereza, wakitumia dawa ya karboliki. Mwaka 1881, akiwa Berlin, Koch na wenzake walizijaribu mbegu za kimeta. Karboliki haikuziweza sawasawa. Hewa kavu ya moto ilihitaji digrii 140 kwa saa tatu. Lakini mvuke wa maji yachemkayo uliziua upesi zaidi, tena ulipenya ndani ya vitu ambamo hewa kavu ilishindwa.

Basi hapo vyombo vyenyewe vikabidi kubadilika. Visu vya zamani vilikuwa na mipini ya mti, pembe au meno ya ndovu, yenye nakshi nzuri. (Huenda baadhi ya meno hayo yalipakiwa Pangani!) Mvuke uliiharibu mipini hiyo, na nakshi zilificha uchafu. Mafundi wakaanza kuunda vyombo vya chuma kitupu, laini, vyenye maungio yanayofunguka. Koch hakufua koleo hata moja. Walioupeleka mvuke chumba cha kupasulia huko Berlin ni von Bergmann na msaidizi wake Schimmelbusch. Lakini njia ilikuwa yake.

Mwaka 1882 alitangaza kijidudu cha kifua kikuu, na mwaka 1905 akapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka huo huo alikuwa Amani, milimani Usambara, akichunguza mbung'o. Sitaki kumpamba kupita kiasi. Dawa ya kifua kikuu aliyoitangaza mwaka 1890 haikuponya. Na katika Visiwa vya Ssese, Uganda, mwaka 1906 na 1907, aliwapa wagonjwa wa malale dawa iitwayo atoksili, na baadhi yao wakapofuka. Watu wale walilipa gharama kubwa kwa haraka yake. Alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910.

Siku hizi ziko hospitali ambamo mpasuaji huongoza mikono ya roboti. Vyombo vyake ni vyembamba kama penseli, na ndani mna nyaya ndogo za kukunja ncha yake. Vingi vimewekewa hesabu: vikitumika mara kumi au zaidi kidogo, mashine huvikataa, navyo ni vya bei kubwa. Hospitali maskini itavipataje? Wako wahandisi wanaotaka kuunda vya kudumu, lakini ugumu ni ule ule wa mwaka 1881: maji na mvuke vifike kila pembe, na nyaya zisichakae.

Nilipomsimulia shangazi habari hii, jambo la kwanza alilouliza ni kama chombo hicho hufunguka. Nikamwambia kwamba vingi havifunguki. Akatikisa kichwa, akaishika tena brashi yake.