Caprilli, afisa aliyemlegezea farasi hatamu

BIRYOGO, Kigali — Motari anayetoka Biryogo na abiria nyuma yake, akifika kwenye tuta hujiinua kidogo kitini, akakunja magoti na kuinama mbele. Hakufundishwa na mtu. Mgongo wake ndio uliomfundisha. Zaidi ya miaka 120 iliyopita, afisa mmoja wa Italia alibishana na wakubwa wake kwa miaka kadhaa kuhusu jambo hilohilo, ila yeye chombo chake kilikuwa farasi.

Federico Caprilli alizaliwa mwaka 1868 Livorno, mji wa bandari. Aliingia jeshini akiwa kijana, akafika chuo cha askari wapanda farasi cha Pinerolo. Siku zile mpandaji akiruka kizuizi alijitupa nyuma na kuvuta hatamu kwa nguvu, kwa imani kwamba farasi atatua kwa miguu ya nyuma na ile ya mbele itasalimika. Mnyama aliumia mara mbili: lijamu ya chuma ilimkaba kinywani, na uzito wa mtu ukamwangukia kiunoni. Farasi wengi waligoma mbele ya kizuizi. Wakaitwa wakaidi.

Caprilli aliwaacha waruke bila mtu mgongoni, akawatazama. Walinyoosha shingo, wakatua kwa miguu ya mbele. Kumbe mkaidi alikuwa mpandaji.

Basi akafupisha kamba za vikuku ili magoti yakunjike na mwili usogee mbele. Lijamu kali akaiweka kando, akatumia nyepesi, na mikono ya mpandaji ikaagizwa kufuata kinywa cha farasi badala ya kushindana nacho. Tandiko lilifuata mwendo huo: tandiko la kurukia la leo lina mbavu zilizosogezwa mbele, na chini yake mito midogo ya kuegemeza magoti. Yeyote aliyewahi kumfunga punda mzigo akavuka naye mpaka anajua kidonda cha tandiko lisilokaa sawa. Miguu ya mbele ya farasi wa mashindano, ile inayopokea uzito wote wakati wa kutua, nayo siku hizi huvishwa vikinga vya ngozi au plastiki.

Wakubwa hawakufurahi. Kwa muda alihamishiwa kikosi cha kusini mwa Italia, mbali na Pinerolo, na huko akaendelea na majaribio yake. Mwaka 1901 aliandika misingi ya njia yake katika jarida la wapanda farasi wa jeshi. Maandishi hayakuwa mengi, kwani kalamu hakuipenda sana. Kilichowanyamazisha wapinzani ni Turin, mwaka 1902, alipomrusha farasi wake Melopo juu ya kizuizi cha mita 2.08, karibu kimo cha mlango. Jeshi likaikubali njia yake, na maofisa wa nchi nyingine wakaja Italia kujifunza.

Hakuishi kuyaona mengi. Desemba 1907, mwaka uleule Richard Kandt alipoanzisha kituo kilichokuja kuwa Kigali, Caprilli alianguka kutoka mgongoni mwa farasi mjini Turin, bila kizuizi chochote mbele yake. Kichwa kilipiga chini. Alifariki tarehe 6, akiwa na miaka 39.

Kofia ngumu yenye mkanda wa kidevuni, kama ile anayokabidhiwa abiria wa Biryogo kabla pikipiki haijaondoka, ilichukua miongo mingi zaidi kuwa sharti kwa wanaoruka vizuizi.