Suzanne Lenglen: dada aliyedai jasho lake

Wadau, kuna watu wanadai wanamichezo wa zamani hawakujali pesa. Mimi nawakatalia. Suzanne Lenglen, Mfaransa aliyezaliwa 1899, alikuwa mtoto wa kuuguaugua, baba yake akamwanzishia tenisi ili apate nguvu. Akaja kutwaa Wimbledon mara 6 kati ya 1919 na 1925. Viwanja vilijaa kwa ajili yake, mapato wakachukua waandaaji, sheria ikimkataza yeye kulipwa. 1926 akachoka, akaenda Marekani kucheza kwa malipo. Mashindano makubwa yakamfungia mlango. Alifariki 1938, ana miaka 39 tu. Wimbledon ilikuja kuruhusu wachezaji wa kulipwa 1968! Ile haikuwa tamaa, alidai haki yake. Nyie mnasemaje?