Thomas Odhiambo, mtu wa wadudu aliyewatafutia vijana labo

Hapa Kamina, kijana akimaliza masomo ya biolojia ao ya kilimo na kutaka kuendelea na utafiti, swali la kwanza ni hili: labo iko wapi? Wengi wanakwama hapo hapo. Njo maana leo tunawaletea maisha ya Thomas Risley Odhiambo, Mkenya aliyesumbuliwa na swali hilo zamani.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1931. Alisoma Maseno, kisha Makerere kule Uganda, halafu Cambridge, Uingereza, chini ya Vincent Wigglesworth, bingwa wa mambo ya mwili wa mdudu. Udaktari aliupata 1965, akarudi Nairobi kufundisha.

Mwaka 1967 aliandika katika jarida la Science la Marekani kwamba Afrika Mashariki inahitaji vituo vyake vya utafiti, tena vya hali ya juu. Mwaka 1970 kikaanzishwa ICIPE, kituo cha kuchunguza wadudu, pale Nairobi. Mwanzoni mabingwa wa ng'ambo walikuwa wanakuja, wanaangalia kazi, wanarudi kwao. Vijana ndio waliobaki na mbung'o, mchwa na viwavi siku zote. Na kusema kweli, anayebaki na mdudu ndiye anamjua.

Sisi wa Kongo mbung'o tunamjua kwa ugonjwa wa malale. Watafiti wa ICIPE walienda Nguruman, kwa Wamasai, wakatengeneza mtego wa kitambaa unaoweza kushonwa kijijini. Chambo? Mkojo wa ng'ombe! Mbung'o anafuata ile harufu akifikiri mnyama yuko karibu, anaingia, hatoki tena.

Lakini ICIPE haikuwa iniversite, haikuweza kutoa diploma. Odhiambo akaona njia: mwaka 1983 ulianza mpango wa ARPPIS, pamoja na vyuo vikuu vya nchi mbalimbali za Afrika. Mwanafunzi anajiandikisha kwenye chuo kimoja, utafiti wa udaktari anaufanya ICIPE, akisimamiwa na pande zote mbili, na diploma inatolewa na kile chuo. Kwa hiyo chuo kisicho na vyombo vya kutosha kiliweza kupata daktari wake mwenyewe, bila kumpeleka Ulaya miaka na miaka, kule ambako wengine hawarudi.

Mwaka 1985 alishiriki kuanzisha Akademia ya Sayansi ya Afrika, akawa rais wake wa kwanza. Aliacha uongozi wa ICIPE mwaka 1994, akafariki Mei 2003 akiwa na miaka 72. ARPPIS ingali inapokea wanafunzi.