Morel, karani aliyefichua wizi wa Kongo kwa kusoma orodha za mizigo

Mfanyabiashara wa Bwera anayevuka pale Mpondwe kwenda Kasindi anajua kwamba mzigo ukienda upande wa pili, lazima kitu kirudi: bidhaa au pesa. Mali ikitoka kila siku bila malipo kuonekana, kuna mtu anaibiwa. Kwa hesabu hiyo hiyo, karani mmoja wa meli alisaidia kuuangusha utawala wa mfalme aliyeifanya Kongo shamba lake, nchi ambayo chumvi ya Katwe ilikuwa ikivuka kwenda huko tangu zamani.

Edmund Dene Morel alizaliwa Paris mwaka 1873, baba Mfaransa na mama Mwingereza. Mwaka 1891 alipata kazi ya ukarani mjini Liverpool katika kampuni ya meli ya Elder Dempster. Kampuni hiyo ilisafirisha mizigo kati ya bandari ya Antwerp na Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Kwa kuwa alijua Kifaransa, Morel alitumwa Ubelgiji mara kwa mara.

Katika makaratasi ya kazi yake aliona mambo matatu. Kwanza, meli zilizokwenda Kongo zilibeba bunduki na risasi nyingi. Pili, mpira na pembe za ndovu zilizoshushwa Antwerp zilizidi kiasi kilichotangazwa na serikali ya Kongo. Tofauti hiyo ilikuwa inaingia mfukoni mwa mtu. Tatu, bidhaa za kuwalipa wavunaji zilikuwa chache mno. Jibu likawa moja: watu walikuwa wakivunishwa mpira kwa mtutu wa bunduki.

Bosi wake, Alfred Jones, alikuwa pia konsuli wa Kongo mjini Liverpool. Morel alipotoa habari hiyo alipokelewa kwa ubaridi, kisha akaahidiwa cheo kizuri zaidi mbali na mambo ya Kongo. Alikuwa na mke na watoto wa kulisha. Alikataa, na mwaka 1901 akaacha kazi.

Hesabu peke yake ingeweza kupingwa, kwa hiyo akatafuta ushahidi wa kila aina. Wamisionari walimpa habari za vijiji vilivyochomwa na mikono iliyokatwa, na Alice Harris akapiga picha. Konsuli Roger Casement alisafiri ndani ya Kongo mwaka 1903, na ripoti yake ikatolewa mwaka uliofuata. Makampuni ya mpira nayo yalichunguzwa: ndani ya Abir, serikali ya Leopold yenyewe ilikuwa na nusu ya hisa. Askari, mkusanya kodi na mwenye duka walikuwa kitu kimoja.

Mwaka 1904 Morel na wenzake walianzisha Chama cha Mageuzi ya Kongo. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji.

Morel hakuwa malaika. Alifungwa jela mwaka 1917 kwa harakati zake dhidi ya vita, na mwaka 1920 aliandika makala za ubaguzi wa rangi dhidi ya askari Waafrika waliokuwa Ujerumani katika jeshi la Ufaransa. Doa hilo halifutiki. Mwaka 1922 alimshinda Winston Churchill katika uchaguzi wa ubunge mjini Dundee. Alifariki Novemba 1924.

Leo kazi yake inasomwa na wanahistoria, wahasibu, wanasheria na wataalamu wa uhalifu wa makampuni. Mhasibu huona tarakimu zisizolingana, mwanasheria huona mkataba wa dhuluma, mwanahistoria humsikiliza aliyeumizwa. Morel aliviweka vyote juu ya meza moja.

Tangu mwaka 2022 Kongo imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mizigo ya Kasese inavuka kwa karatasi nyingi. Anayezichoka karatasi hizo akumbuke kwamba zilizomfichua mfalme zilikuwa za namna hiyo hiyo: idadi, uzito, tarehe na jina la mwenye mali. Nakala itunzwe.