Askofu Luigi Locati: Urafiki wa Miaka Arobaini na Miwili

Waswahili humtambua rafiki wa kweli siku ya dhiki. Mafundisho ya Kikristo huenda hatua moja mbele. Katika sura ya 15 ya Injili ya Yohana, Yesu anaacha kuwaita wanafunzi wake watumwa, anawaita marafiki, na kipimo cha juu kabisa cha upendo anakiweka katika kuutoa uhai kwa ajili ya marafiki hao. Katika mji wa Isiolo, nchini Kenya, fundisho hilo halielezwi kwa ukamilifu pasi na kumtaja Askofu Luigi Locati.

Locati alizaliwa tarehe 23 Julai 1928 huko Vinzaglio, kaskazini mwa Italia, na akapata upadri mwaka 1952 katika Jimbo Kuu la Vercelli. Mwaka 1957, Papa Pius wa 12 alitoa waraka uitwao Fidei Donum, akiwasihi maaskofu wenye mapadri wengi wawaazime wengine Afrika. Kwa njia hiyo Locati aliwasili Kenya mwaka 1963. Padri aliyeazimwa hubaki kuwa wa jimbo la kwao, na mlango wa kurejea huwa wazi kwake daima. Locati hakuutumia mlango huo.

Mwaka aliowasili ndio uliokuwa wa uhuru, na ndio ulioshuhudia kuzuka kwa vita vya Shifta, vilivyoendelea hadi 1967. Wafugaji wa Kiborana wa Isiolo walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa na askari. Mifugo yao ikaangamia kwa wingi, na watu waliokuwa na mali wakawa mafukara. Aidha, Isiolo ni makutano ya Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, na wakazi wake wengi ni Waislamu. Katika mazingira hayo, padri hukabiliwa na swali zito: je, rafiki anayezungumziwa katika Injili ni muumini mwenzake tu? Locati alilijibu kwa matendo. Elimu, matibabu na maji vilikuwa sehemu ya utume wake, na havikugawanywa kwa kuangalia dini wala kabila la mhitaji.

Desemba 1995, Isiolo ilitengwa na Jimbo la Meru ikawa Vikarieti ya Kitume, na Locati akateuliwa kuiongoza akiwa askofu. Kanisa kuu la Isiolo lina jina la Mtakatifu Eusebio, askofu wa kwanza wa Vercelli. Hivyo jina la msimamizi wa alikotoka likapata makao alikohamia.

Tarehe 12 Julai 2005 yalitokea mauaji ya Turbi, katika Wilaya ya Marsabit, na eneo zima likajaa hofu. Siku mbili baadaye, usiku wa tarehe 14, Locati alipigwa risasi mjini Isiolo alipokuwa akirejea nyumbani kwake kutoka kituo cha kichungaji, akafariki dunia. Zilikuwa zimesalia siku tisa atimize umri wa miaka 77. Mwaka 2018, Mahakama Kuu iliwatia hatiani watu watano kwa mauaji hayo. Mmoja wao alikuwa padri.

Hukumu hiyo ndiyo inayoyatia mafundisho haya uzito. Ni rahisi kumsifu anayekufa kwa ajili ya marafiki waaminifu. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba maneno ya Yesu kuhusu urafiki yalitamkwa usiku ule ule aliosalitiwa, Yuda akiwa amekwisha kutoka mezani. Katika fundisho hilo, uaminifu wa rafiki haungoji kulipwa kwa uaminifu. Hutolewa hata pale unapoweza kulipwa kwa usaliti.

Kwa hiyo, kumpima Locati kwa usiku wa kifo chake pekee ni kumpunja. Risasi ilichukua dakika chache, ilhali uhai wenyewe ulikuwa umetolewa siku baada ya siku kwa miaka 42, katika vita na katika amani. Mwaka 2023 vikarieti aliyoiasisi ilipandishwa hadhi ikawa Jimbo la Isiolo. Dhabihu ya rafiki huyo ilianza siku alipoamua kutorudi kwao.